Mgeni kwenye msafara wa pikipiki za porini Dodoma: utataniwa, jiandae

Kila baada ya muda kuna mtu huniandikia pembeni: "Kaka, nimenunua pikipiki ya porini, nikaunganishwa kwenye kundi, mbona jamaa wananiandama?" Nikimuuliza wamemwambia nini, huwa ni yale yale. Buti zake zinang'aa kuliko taa ya mbele. Pikipiki ndiyo inayomwendesha yeye. Amefika Ihumwa tu, pale karibu na mji, akaanza kuulizia njia ya kurudi. Namwambia atulie, kwa sababu kundi letu halipotezi nguvu kumtania mtu ambaye halitaki arudi wiki ijayo. Mgeni asiyetakiwa husalimiwa vizuri sana, kisha hapewi taarifa ya safari.

Ila si kila kicheko ni utani, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo, wageni kwa wenyeji. Niko na watu hawa tangu ofisi za serikali zilipoanza kuhamia Dodoma baada ya tamko la 2016. Nimeona wageni wazuri wakiondoka kwa kununa mapema mno, na nimeona wengine wakivumilia upuuzi ambao hawakupaswa kuuvumilia hata dakika moja.

Kwanza ujue unaingia kwa akina nani. Kuna watumishi waliokuja na makao makuu, wenye KTM na Honda CRF, ambao pikipiki zao zinaoshwa kuliko magari yao. Kuna vijana wa hapa hapa wanaopiga bodaboda wiki nzima, kisha Jumapili wanaitoa Boxer siti ya abiria, wanaifunga tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, na kupita mahali ambapo mwenye KTM anashuka kwanza kutazama. Kuna maofisa ugani na wauguzi ambao njia zetu za burudani ndizo njia zao za kazi Jumatatu asubuhi. Hao hawasifii chochote. Na tupo wenye mabaki. Mimi nina Yamaha DT125 ya zamani, injini ya mipigo miwili inayofuka moshi, nami ni Mpare, kwa hiyo unaweza kujitungia utani wote mwenyewe. Wanasema nimeichagua kwa sababu moshi ni bure. Wanasema tukichanga pesa ya mafuta nidaiwe kwa maandishi, maana Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Ukitaka kukaa na watu hawa, kabila lako, kazi yako na injini yako vyote vitatajwa kabla hamjafika Msalato.

Chanzo kikubwa cha vicheko, hata hivyo, ni mchanga. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo makorongo na mito yetu inabaki mchanga mtupu. Ukitoka kuelekea Bahi au ukizunguka nyuma ya bwawa la Hombolo, huwezi kuyakwepa. Mgeni akiuona mchanga hufanya mambo matatu ambayo mwili unamwambia ni ya busara: anapunguza mafuta, anakaa, na anakodolea macho tairi la mbele. Tairi la mbele linazama, usukani unakatika upande wake wenyewe, na jamaa anakula mzinga mbele ya kadamnasi. Dawa yake ni kinyume cha hayo: simama juu ya vikanyagio, sogeza uzito nyuma, shika mafuta bila kuyaachia, tazama ng'ambo ya korongo na uiache pikipiki icheze kidogo chini yako. Hewa ya tairi nayo ipunguzwe, ila kwa sisi wenye mipira ya ndani isiyo na kibano cha rimu, usishuke sana. Tairi likianza kuzunguka peke yake juu ya rimu, mpira unavutwa na valvu inakatika, nawe unabaki porini na jua la saa saba.

Maelezo hayo utayapata kwa mtu yeyote kwenye kundi, na utayapata huku anacheka, kwa kuwa naye aliwahi kulamba mchanga ule ule. Ndiyo maana nasema usinune. Kile kicheko cha ukingoni mwa korongo kimejaa kumbukumbu zake mwenyewe.

Kuna desturi ya "picha kwanza, msaada baadaye" ambayo huwatisha wageni. Iko, siikatai. Ila ina sehemu ambayo hutaiona kwenye picha: kabla ya simu kutoka mfukoni kuna mtu ameshauliza "Uko sawa?" na wewe umeshajibu. Jibu likichelewa, au likitoka ovyo ovyo, simu zinarudi mfukoni na hakuna anayecheka tena. Wengine wanakimbilia juu ya njia kusimamisha wanaokuja nyuma, mwingine anaizima pikipiki, na aliyelala haguswi shingo wala havuliwi kofia kwa pupa. Siku ya kwanza kuwaona watu wanaotaniana kutwa nzima wakibadilika hivyo, nilielewa ni kwa nini naendelea kutoka nao.

Watu wa kanda hii wasishangae, maana jambo hili tunalo tangu zamani. Wagogo na Wahehe ni watani, waliwahi kupigana vita na leo wanatukanana kwa raha. Lakini mtani hana kazi ya kutukana tu. Kwenye msiba ndiye anayeingia kufanya yale ambayo ndugu hawawezi: kuchekesha wafiwa, kumwigiza marehemu, kushika shughuli wakati wenye uchungu wamekaa chini. Ruhusa ya kukusema inakuja na wajibu huo. Kwenye msafara wetu nami napima hivyo hivyo. Anayekutania, je, ukikwama anasimama? Kama hupita na vumbi lake halafu jioni ndiye wa kwanza kukuchambua kwenye simu, huyo si mtani wako, na huna deni la kumvumilia.

Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwa wakubwa wa mchezo. Tarehe 12 Januari 2020, kwenye mbio za Dakar nchini Saudi Arabia, Mreno Paulo Gonçalves alianguka jangwani. Toby Price wa Australia, aliyekuwa bingwa mtetezi, alimkuta pale, akasimama, akabaki naye na kusaidia kumbeba hadi kwenye helikopta. Gonçalves alifariki. Waandaaji walimrudishia Price muda alioupoteza, kwa sababu kwenye mbio zile anayesimama kumsaidia aliyeumia hapaswi kuadhibiwa na saa, na hatua ya siku iliyofuata ilifutwa kwa upande wa pikipiki. Hao ni watu wanaolipwa kushindana. Wewe unayewahi pilau Dodoma Makulu unakimbilia wapi?

Sasa, kukubalika. Wageni wengi hudhani watakubalika kwa mwendo. Wanafungua mafuta kwenye barabara ya vumbi ili waonekane, na matokeo yake kila mtu nyuma anakula vumbi lao na kuwaombea pancha. Mwendo hautakusaidia, maana kila mara yupo kijana wa bodaboda atakayekupita akiwa amevaa ndala. (Ndala hizo usiziige. Vaa buti zako zinazong'aa na uache waseme. Juu ya kofia, miwani na buti sijawahi kusikia utani ulionishawishi.) Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwetu jembe ni pampu. Njoo na mpira wa ndani, viraka, spana zako na waya wa akiba wa klachi. Migunga ya huku ina miiba inayopita kwenye kashata kana kwamba hakuna kitu, na anayetoa kifaa wakati wengine wanapapasa mifuko mitupu anasahaulika mizinga yake yote ya asubuhi.

La pili ni njia panda. Kwenye vichaka vya kuelekea Chenene njia za ng'ombe zinagawanyika ovyo, na mtu akipotea huko tunamtafuta hadi giza. Kwa hiyo kiongozi akikata kona, wa pili wake anabaki pale kuwaonyesha wengine hadi mtu wa mwisho, ambaye sisi humwita mkia, afike. Ukiambiwa "baki hapa", unabaki. Jua likiwaka unabaki. Ukiboreka unabaki. Nimeona mgeni mmoja asiyejua kuendesha vizuri hata kidogo akipendwa na kundi zima kwa sababu hiyo tu: ukimwacha kwenye njia panda, utamkuta kwenye njia panda. Utani juu yake uliendelea, tena uliongezeka, lakini ulibadilika ladha.

Jina la utani utapewa, wala usijaribu kujichagulia. Aliyejitambulisha kwetu kwa jina la simba aliishia kuitwa kwa jina la kifaa kilichoharibika siku ile. Ukilipinga, ndiyo limeshaganda. Ukilichukia kweli kweli, kwa sababu linagusa jeraha, mwambie mtu mmoja mwenye uzito kwenye kundi, uso kwa uso, pembeni. Kwetu kuna mzee ambaye akisema "hilo liacheni" linaachwa, wala hahitaji kueleza sababu. Karibu kila kundi lina mtu wa namna hiyo. Mtafute mapema.

Kuhusu mipaka nitakuwa mkali kidogo. Utani unaelekezwa kwa anayeweza kujibu. Mgogo akijitania mwenyewe juu ya ule mzaha wa kale wa ombaomba, au Mhehe akamrushia naye akarudishiwa ule wa kula mbwa, hapo wamelingana, wacha wacheke. Lakini bosi mwenye pikipiki ya mamilioni akimwambia maneno hayo hayo kijana anayemfungia tairi na kusubiri alipwe jioni, yule kijana atajibu nini? Atacheka, kwa sababu hela yake iko mkononi mwa mwenzake. Nimeliona, na nimesema palepale kwamba hilo halina raha. Hakuna aliyenishangilia, tulikaa kimya tukaendelea. Baadaye lilipungua. Wewe mgeni huwajibiki kulisema siku ya kwanza, ila usilicheke.

Kadhalika kwa dada zetu wanaotoka nasi. Mtanie juu ya klachi yake kama unavyonitania mimi. Ukianza kutania mwili wake, au ukimnyang'anya usukani kila akifika kwenye mawe ili "umsaidie", umeshatoka kwenye utani. Anayejua kuanguka anajua na kuinuka. Akihitaji mkono atauomba.

Na usikubali utani ukuamulie njia. Mteremko wa mawe kwenye vilima vya upande wa Mpwapwa ukikushinda, shuka kwenye pikipiki, ingiza gia ya kwanza, tembea nayo ukibana klachi na breki. Watasema umempeleka mbuzi mnadani. Mbuzi amefika mzima.

Kwenye simu ndiko mambo huharibika zaidi, kwa sababu maneno yale yale yaliyochekesha korongoni yanasomwa usiku na mtu aliyechoka, peke yake, na mkewe anachungulia. Ukichomwa usijibu kwa aya ndefu. Tuma sauti, ucheke ndani yake, au nyamaza hadi mkutane. Stika ya picha yako ukiwa umelala mchangani utatengenezewa tu, ni kama cheti cha ubatizo. Ila picha ya aliyeumia haitumwi popote kabla familia yake haijapigiwa, na wala haitoki nje ya kundi. Kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa wale wanaodhani kumwandama mtu kwa ujumbe ni mchezo tu.

Neno moja juu ya wenyeji wa tunakopita, maana nao wana haki ya kututazama na kutucheka. Karibu na kisima, mifugo au shamba la zabibu, shusha gia, pita polepole. Ukisimama kijijini vua kofia, salimia Kigogo, "mbukwenyi", hata kama matamshi yako ni ya Same. Watoto watacheka. Bibi mmoja kule Mvumi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama pikipiki yangu ni mgonjwa. Wenzangu hawajawahi kupata utani mzuri kuliko huo, na wanauiba hadi leo.

Swali ambalo wageni huuliza mwisho ni waanze lini kuwatania wenyeji. Anza kwa kujitania mwenyewe, hilo halina ruhusa ya kuomba. Kisha mtanie aliyekuzidi, juu ya kitu anachofanya: yule anayepangusa KTM yake kwa kitambaa cha miwani, kwa mfano, yuko wazi kwa wote. Wanyonge waache. Na kama ulimi wako ni mzito, njoo na mpira wa ndani wa inchi 21. Unaingia mbele kwenye pikipiki zetu karibu zote, na tukibanwa kabisa tunausokomeza hata nyuma kwenye rimu ya 18 hadi tufike barabarani. Wenye Boxer rimu zao ni 17. Hao wajibebee wenyewe, tena waache kunikodolea macho begi langu.