Mweka hazina wa kwaya aliyekuwa anabeti

Mlevi mtaa mzima unamjua kabla hajakiri. Ananuka, anayumba, watoto wanamfuata nyuma wakimcheka. Mimi sikuwa nanuka. Nilisimama safu ya pili, sauti ya tatu, suti imenyooka, simu iko ndani ya kitabu cha nyimbo, na mchungaji akiwa katikati ya mahubiri mimi natazama matokeo ya ligi ya Australia. Hata jezi za timu zile nilikuwa sizijui. Nilichojua ni kwamba mkeka wangu, yaani orodha ya timu nilizobetia kwa pamoja, una timu 9 na 8 zimeshapita.

Ile moja iliyobaki ikauchana. Tukasimama tukaimba.

Nilianza mwaka 2019. Buku moja, yaani shilingi elfu moja, ilinipa 187,000. Mimi ni fundi alumini hapa Igoma, Mwanza, na hela ile ilikuwa faida ya madirisha ya nyumba nzima, nimeipata nimelala. Nikaitolea fungu la kumi, 18,700, kwenye bahasha yenye jina langu, nikaona Mungu amenikumbuka. Miaka miwili baadaye ndipo nilipokutana na Isaya 65:11, panapowasema watu waliomwacha Bwana wakawa wanamwandalia meza mungu anayeitwa Bahati. Nilifunga Biblia nikatoka nje.

Kwa Tanzania kubeti ni halali, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kisheria tangu 2003. Hakuna polisi atakayekukimbiza, na ndiyo maana jambo hili linajificha vizuri hata kwa mtu anayesali. Ukiulizwa unafanya nini na simu, unasema unaangalia matokeo ya mpira. Wala si uongo.

Hesabu yake hakuna aliyenifundisha, nilikuja kuifanya mwenyewe nikiwa nimeshaliwa. Tuseme umechagua timu ambazo una uhakika nazo, kila moja ina nafasi ya kushinda mara 7 katika 10. Ukisuka mkeka wa timu 10 za namna hiyo, nafasi ya zote kupita haifiki mara 3 katika 100. Lakini mkeka hauchaniki kwa timu zote, unachanika kwa moja, dakika ya 90, na wewe unabaki unasema "nilikuwa nimeshakula". Hiyo "nilikuwa nimeshakula" ndiyo iliyonirudisha kila asubuhi. Kushinda kwenyewe nilishinda mara chache sana.

Mwaka 2022 kwaya ilichangishana sare mpya. Watu 32, kila mmoja 20,000, jumla 640,000, na mweka hazina ni mimi. Hela ilikaa kwenye simu yangu. Nilikopa 10,000 ya kwanza siku ya Jumanne, kwa nia kabisa ya kuirudisha Jumamosi. Kufika mwisho wa mwezi zilikuwa zimeondoka 415,000.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika kipindi hicho nilihudhuria mikesha mitatu ya maombi. Mara zote tatu mhubiri aliita wenye vifungo vya siri wapite mbele, na mara zote tatu nilipita, nikalia machozi ya kweli. Lakini mhudumu aliponiinamia sikioni kuuliza nina hitaji gani, nilimjibu, "Uchumi." Wakaniombea uchumi. Kesho yake nikabeti, tena kwa imani zaidi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema ameombewa akashindwa kufunguliwa, swali langu ni moja: uliombewa kwa jina gani la tatizo? Sidharau mikesha. Nimeona watu wakitoka pale wameacha sigara moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimempelekea Mungu barua isiyo na jina la mgonjwa. Zaburi ya 32 inasema, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa," na mimi ile mifupa naijua. Ni kuamka saa tisa usiku unatoa hesabu kichwani, mkeo kalala pembeni.

Mwenyekiti wa kwaya yetu ni mzee, fundi cherehani. Nilimwendea kibandani kwake siku ya Alhamisi, nikamkuta anapinda suruali. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikazunguka kama nusu saa nikiongelea mvua. Mwishowe nikasema, "Mzee wangu, hela ya sare nimeila. Nabeti."

Hakusimamisha cherehani. Alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza, "Kiasi gani?"

Nikasema kama laki nne hivi.

"Sijauliza kama. Andika." Akanipa chaki ya kuchorea vitambaa na kipande cha karatasi ya ruwaza. Nikaandika 415,000. Mkono ulitetemeka kuliko siku ninafunga ndoa. Akaitazama, akaikunja, akaomba maneno machache sana, kisha akavaa viatu. "Haya kijana wangu, twende kwa mkeo."

Hapo nilitaka kukimbia. Kumwambia mzee nilikuwa nimejipanga, mke sikuwa nimejipanga naye. Lakini nakwambia wewe unayesoma hapa ukiwa na siri yako, iwe mkeka, iwe video chafu za usiku, iwe chupa iliyofichwa kwenye kabati la nguo: kumwambia mtu mmoja kunakupa nafuu inayoweza kukudanganya. Unajisikia mwepesi, unadhani umemaliza. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane "mpate kuponywa", na yule uliyemjeruhi lazima awemo kwenye maungamo. Wale walevi wawili wa Marekani walioanzisha vikundi vya walevi wanaosaidiana mwaka 1935, Bill Wilson na daktari Bob Smith, barua hiyo ya Yakobo walikuwa wakiisoma mno. Walielewa kwamba mlevi akibaki peke yake na Biblia yake chumbani anaweza kujidanganya hadi Amina.

Usitangaze kwenye grupu la jumuiya, lakini. Tafuta mtu mzima asiyekudai, anayejua kufunga mdomo, na atakayekuuliza kiasi.

Mke wangu hakulia. Alichukua simu akasoma miamala yote, kimya, hadi giza likaingia. Asubuhi laini yangu ya fedha ikafungwa, na tangu hapo wateja wananilipa kwenye namba yake. Wengine hununua kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti, wakidhani wamepona. Menyu ya kubonyeza nyota inabeti vilevile. Hela isipokufikia ndiyo kinga. Akaunti zenyewe niliomba zifungwe, na picha ya jibu la kampuni akaihifadhi mke wangu.

Deni nililipa 30,000 kwa mwezi, miezi 13, wa 14 nikamalizia 25,000. Kuna waliosema nisamehewe, hela ya kanisa. Mzee alikataa, akanisomea habari za Zakayo aliyerudisha mara nne, akasema mimi nimepata bei nafuu. Sare zilichelewa karibu mwaka na wanakwaya walijua sababu. Unyonge ule nisingeupenda kwa adui.

Mwezi wa nne nilianguka. Nilikopa 5,000 kwa kijana wa karakana, nikabetia kwa simu yake, ikaliwa. Nilimwambia mzee usiku uleule, na hiyo ndiyo tofauti iliyokuwepo: zamani anguko la 5,000 lingezaa la 50,000 kwa sababu ya kulificha.

Kuna ndugu watakuambia ni pepo tu, ukienda kwa daktari huna imani. Mimi nilikwenda. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaweka uraibu wa kamari fungu moja na pombe na dawa za kulevya, na nilipoelezwa hivyo nilifarijika, maana Paulo naye katika Warumi 7 analia kwamba lile asilolipenda ndilo analolitenda. Na kama madeni yamekufikisha kuwaza kufa, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo, akupeleke hospitali.

Jumamosi, saa ambazo mechi za Uingereza zinaanza, bado ni ngumu. Nafunga karakana nakwenda kibandani kwa mzee. Simu na laini ya fedha nimerudishiwa mwaka huu, kwa sharti kwamba mzee anaikagua. Anavaa miwani, anashusha miamala kwa kidole chenye pete ya kushonea.

"Hii elfu tatu ya Jumatano?"

"Vocha ya mama, mzee wangu."

"Mpigie nimsikie."

Nampigia.