Wimbo wa taratibu hauna pa kujificha

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu nyimbo za taratibu za mapenzi, zile ambazo kinanda na sauti hubeba karibu mzigo wote. Nimefurahi sana, maana hapa Mbeya ndizo ninazopenda kurekodi kuliko zote.

Kamwene kaka. Kiitikio changu kinapanda vizuri, ila nikifika juu kwenye "nitakusubiri" sauti inabana. Nifanye mazoezi gani? (Kihesa, Iringa)

Kamwene dada. Kabla ya mazoezi, liangalie neno lenyewe. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo ni "bi", na ndiyo uliyoipa noti ya juu kabisa, tena ndefu. Ukitamka "i", ulimi unapanda, midomo inabana, na koo linafuata. Sasa imba "nitakungoja" kwa sauti ileile. Mkazo unahamia "ngo", mdomo unakuwa duara, na ile "ja" ya mwisho unaweza kuivuta mpaka pumzi ikuishie. Niliwahi kukaa na binti mmoja jioni nzima tukilaumu maiki, kumbe kasoro ilikuwa irabu moja. Tulipobadilisha neno, alirekodi mara mbili tu tukamaliza.

Angalia pia mkazo unaangukia pigo lipi. Chukua "barabara": pigo zito likikaa kwenye "ba" ya pili, ni njia ya magari; likikaa kwenye "ra" ya kwanza, maana inageuka kuwa "sawasawa kabisa". Singeli inakimbia kupita mapigo 200 kwa dakika, kwa hiyo kosa kama hilo linapita na vumbi. Wimbo wako una mapigo 70. Kila mapigo manne yanachukua zaidi ya sekunde tatu, na msikilizaji anaisikia silabi moja moja. Usome mashairi yako kwa sauti ya kawaida kama unaongea na mtu, upige makofi pale mkazo unapoangukia, ndipo uimbe.

Prodyuza anaongeza vitu kila siku: ngoma, besi, vinanda vitatu. Sauti yangu siisikii tena. Nimwambieje bila kumuudhi? (Mwanjelwa)

Mwombe kwa upole azime vyote abakize kinanda na wewe, kisha msikilize pamoja mkiwa mmenyamaza. Wimbo ukisimama hapo, kila kinachorudi kiwe na sababu. Mimi napenda ubeti wa kwanza uwe mtupu, besi iingie kwenye kiitikio, ngoma zisubiri ubeti wa pili. Na ile programu ya kunyoosha sauti aitumie kwa mkono mwepesi. Mwimbaji mwenye hisia huingia noti kutokea chini kidogo, kisha anapanda taratibu. Programu ikikazwa inafuta kile kipando, na hapo ndipo uchungu wa wimbo ulipokuwa.

Nimetundika mablanketi chumbani nirekodi mwenyewe. Mbona kelele bado zinaingia? (Uyole)

Blanketi linapunguza mwangwi wa ndani. Bajaji ya nje halizuii. Rekodi usiku. Kama paa ni la bati, sehemu za kimya zimalize kabla ya mvua za Novemba, maana huku zinaendelea mpaka Aprili. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki. Na baridi ya Juni na Julai hukaza nyuzi za chuma zikapanda sauti, kwa hiyo liache gitaa lizoee chumba kwanza, ndipo ulitune.

Naimba kwaya ya Moravian tangu utotoni. Nimerekodi wimbo wa mapenzi, wenzangu wanasema nimeliacha kanisa. Naumia. (Tukuyu)

Pole sana mdogo wangu. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na pumzi unayoimbia leo, kupokezana sauti nne na kusoma noti za d, r, m kwenye karatasi, umeirithi kwenye kwaya. Kuitumia kumwimbia mtu unayempenda si wizi. Hata muziki wa soul kule Marekani ulizaliwa na waimbaji wa kanisani. Mmoja wao, Sam Cooke, aliogopa maneno ya watu kiasi kwamba wimbo wake wa kwanza wa mapenzi aliutoa kwa jina la Dale Cook. Aretha Franklin alikulia kwenye kanisa la baba yake, Detroit, na mwaka 1972, akiwa nyota tayari, aliingia kanisani Los Angeles kurekodi albamu ya injili. Mwendee mwalimu wako wa kwaya, umsikilizishe wimbo wewe mwenyewe kabla hajausikia redioni.

Tumetunga watatu. Hakimiliki ni ya nani? (Makambako)

Ni yenu nyote. Andikeni leo nani katunga nini, mtie sahihi, kisha mjisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa sheria ya mwaka 1999 haki hiyo inadumu maisha yenu na miaka 50 baada ya kifo cha wa mwisho kati yenu, kwa hiyo hata watoto wenu inawahusu.

DJ wa ukumbi anasema wimbo wangu hauchezeki. (Mafinga)

Ni kweli, kwa saa ile ya kucheza. Mwombe aupige maharusi wanapoingia au wakati wa keki. Nilikuwa meza ya nyuma kwenye harusi moja hapa mjini wimbo wa taratibu wa kijana tuliyemrekodi ulipoanza. Mama mmoja aliyekuwa anakula wali aliacha kijiko hewani, akaegemea bega la mumewe, na kijiko hakikurudi kwenye sahani mpaka kiitikio kilipoisha. Lakini wako una kinanda kitupu cha nusu dakika mwanzoni, na hapo MC ataongea juu yake. Tengeneza toleo la pili ambalo sauti yako inaingia ndani ya sekunde tano, umpelekee hilo.