Nimerudia pombe, sasa naona aibu kurudi kwa mshauri

Hujambo shangazi? Mimi ni fundi wa mjengo hapa Kitale, umri miaka 36. Nimekunywa chang'aa kwa miaka mingi, na mwaka huu mke wangu aliniambia nichague: niache pombe au yeye arudi kwao. Nilienda kwa mshauri nasaha, akanipa daftari niandike kila hamu ya pombe inaponijia: niko wapi, na nani, nawaza nini. Nilikaa zaidi ya mwezi bila kuonja. Jumamosi iliyopita tulilipwa, nikapitia sokoni kununua mkate, nikakutana na wenzangu wa kazi, nikanywa glasi moja. Nikaona nimeshaharibu kila kitu, nikaendelea mpaka Jumanne. Jumatano mikono ilitetemeka hadi mwiko ukanianguka. Mke wangu anasema hakuna mlevi aliyeponywa na kalamu. Mjomba anataka nipelekwe kwa maombi. Nirudi kwa mshauri au niachane na mambo hayo?

Sijambo, mpwa wangu. Rudi, na ubebe daftari hilo hilo.

Lakini huo mtetemeko sikuupenda. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, mtu akaona vitu ambavyo havipo, na wengine hufa. Kama bado unakunywa kila siku, au mikono bado inatetemeka, pitia hospitalini kwanza umweleze daktari kiasi halisi unachokunywa, usimfiche. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo za mwanzo. Mshauri hana kazi ya kufanya na mtu anayetetemeka.

Sasa tuje kwa huo mkate. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu yake. Hakuna duka karibu na kwenu linalouza mkate? Ulikuwa na mshahara mfukoni, Jumamosi jioni, ukachagua njia inayopita wanakokunywa wenzako. Sisemi ulidanganya, naamini kabisa mkate ulikuwa umeisha. Ndivyo mambo haya yanavyoanza: mtu hajiambii anaenda kulewa, anajiambia anaenda dukani. Glasi ilikuja mwisho. Uamuzi ulifanyika pale ulipokata kona, na hapo ndipo mshauri wako atataka kuanzia.

Halafu kuna lile wazo, "nimeshaharibu". Glasi moja ilikugharimu saa moja, lakini wazo hilo lilikugharimu siku tatu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliandika kuhusu jambo hili miaka ya 1980: aliyeacha pombe akiteleza mara moja, mara nyingi kinachomzamisha ni kuamini kwamba kuteleza kumethibitisha yeye ni mtu wa bure. Akishaamini hivyo, haoni tena sababu ya kujizuia. Tiba hii unayopewa, ya kurekebisha fikra na tabia, inalishika wazo la namna hiyo na kulihoji. Je, ni kweli kila kitu kiliharibika? Ule mwezi na ushei uliokaa mkavu ulifutika? Siku ngapi kati ya hizo ulipata hamu na ukaishinda, na uliishindaje? Majibu yamo daftarini, kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo usiung'oe ukurasa wa Jumamosi. Kama hukuuandika, uandike leo, pamoja na njia uliyopita na maneno ya kwanza uliyoambiwa na hao vijana.

Mwombe mshauri mfanye mazoezi ya siku ya malipo, yeye akiwa rafiki yako mwenye glasi mkononi. Jibu liwe fupi: "Leo sinywi, nawahi nyumbani," kisha miguu iondoke. Ukianza kueleza sababu, watakushinda kwa hoja. Walevi ni mawakili wazuri sana. Na hamu ikikukamata, tazama saa. Huwa inapanda, inafika kilele, halafu inashuka yenyewe, mara nyingi kabla ya nusu saa kuisha.

Mkeo nisimlaumu, amechoka. Mwambie tu kwamba kalamu hii imejaribiwa jirani yenu pale Eldoret. Watafiti walichukua watu wanaoishi na virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa pombe kupita kiasi. Baadhi walipewa vikao sita vya vikundi vya tiba hii, kwa Kiswahili, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Wengine walipewa mafunzo ya afya kwa jumla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kundi la kwanza lilipunguza pombe kuliko la pili. Si kwamba wote waliacha, na usimwahidi hivyo. Ila mwombe akupokee wewe na mshahara pale kazini Jumamosi ijayo, mwende dukani pamoja. Wenzako watacheka. Wacheke.

Maombi nenda, kama unaamini. Mjomba hana ubaya, ila asikuambie uchague kati ya kanisa na kliniki.

Na kama mshauri wako hapatikani wiki hii, piga 1192, simu ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni ya bure, na utamweleza mtu asiyekujua.