Hawakai bure, wanangoja maji na upepo

Uliniuliza kama wale watu wanaokaa ufukweni asubuhi nzima ni wavivu. Hapana, si uvivu. Wale wa mbao za tanga (mtu husimama juu ya ubao, upepo ukausukuma kwa tanga) uliowaona Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, asubuhi wamekaa mchangani wanacheza karata walikuwa wanangoja vitu viwili, na upepo ni kimoja tu.

Siku za bamvua, yaani za maji makubwa mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, upande wetu maji hupwa sana mwendo wa saa nne asubuhi, yakajaa saa kumi jioni. Ubao una pezi refu chini. Saa nne hiyo, pale kina mama wanapofanya kazi ya mwani maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, pezi lingekwama mchangani au kuvunjika kwenye matumbawe. Halafu ubao hautelezi vizuri mpaka upepo ufike kama noti 12, yaani kilomita 22 kwa saa. Msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hivi, mara nyingi nguvu hiyo huja mchana, nchi kavu ikishapata joto.

Nimekulia Jambiani, nawaona kila mwaka. Ukiwatazama vizuri, huyu anakaza kamba ya tanga, yule anapaka nta, na kila baada ya dakika chache mmoja anainua macho kuelekea mwambani. Wanatafuta mapovu meupe juu ya mawimbi. Yakizagaa, karata zinaachwa hapo hapo.

Ila ukienda Aprili au Novemba, wakati wa maleleji, pepo za msimu zinapobadilika na upepo kutulia, wanaweza kungoja siku nzima wasitoke.