Dawa imetengenezwa nje, ikimdhuru mwanangu nimshike nani?

SWALI: Mwanangu alipewa dawa ya maji ya kikohozi. Chupa inaonyesha kiwanda kiko nchi nyingine na mwagizaji ni mtu mwingine. Nilipouliza nikajibiwa tu, "Imesajiliwa." Na nani? Ikimdhuru, nimshike nani? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Mama, anza na mamlaka ya dawa ya nchi unayoishi. Hakuna usajili wa dunia nzima. Kibali cha huko kiwandani hakimlindi mwanao kama hakuna aliyeipima dawa ilipofika.

Mimi ni mfamasia, na jambo hili linaniuma tangu Oktoba 2022. Mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto, zilizotengenezwa India na kukutwa Gambia. Zilikuwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali zinazoharibu figo hadi mtoto anaacha kukojoa. Watoto wasiopungua 66 walifariki. Kiwanda kilikuwa na kibali cha kuzitengeneza kwa kuuza nje tu. India ikasema kwa desturi nchi inayoagiza ndiyo hupima. Gambia haikuwa na maabara ya kuzipimia. Ukaguzi ukakosa mwenyewe, watoto wakazikwa.

Sumu huingiaje? Dawa hizi huyeyushwa kwa gliserini au propilini glaikoli, ambazo husafirishwa kwa mapipa na kupitia mikono ya madalali kadhaa. Daiethilini glaikoli ni ya bei ya chini, nayo ni nzito na haina rangi vilevile, hivyo mlaghai huweza kuiweka badala yake. Hata mimi ukiniwekea mezani siwezi kuzitofautisha kwa macho. Ni kazi ya maabara.

Tangu Juni 2023 India inataka dawa za kikohozi zipimwe kwenye maabara zilizoidhinishwa kabla hazijasafirishwa. Ni hatua njema, ila sikubali uhai wa mtoto utegemee sheria ya nchi ambayo mama yake hapigi kura.

Kwa hiyo chupa usiitupe. Piga picha ya lebo: kiwanda, namba ya usajili, tarehe ya kuisha muda, na hasa namba ya toleo ("Batch No."), kwa sababu tahadhari hutaja matoleo. Tunza risiti. Mtoto akitapika au mkojo ukipungua, mkimbize hospitali na chupa mkononi, na uombe ijazwe fomu ya madhara ya dawa. Ukifika kwenye kudai haki, mtafute kwanza mwagizaji: yeye yuko ndani ya nchi, na mahakama zenu zinamfikia.