Una mfuko tumboni na unataka mwenza? Mwambie kabla ya posa

Nina miaka 63, nilifiwa na mume wangu wa kwanza, na tangu 2017 choo changu kinatoka ubavuni kushoto kwenye mfuko, walinikata kipande cha utumbo mpana kwa ajili ya kansa. Naandika hii kwa sababu wenzangu wananiuliza chinichini, dada na hali hii nani atanitaka mimi?

Mi kosa langu lilikuwa kuficha. Kuna mzee mmoja hapa Tanga tulizoeana, miezi minne tunaongea kwenye simu kila usiku, na kila akitaka kuja nyumbani natafuta sababu, leo nina wageni kesho nipo shamba, mpaka akaamini nina mwanaume mwingine. Nilivyokuja kumwambia ameshachoka. Akasema mfuko angeuzoea, uongo ndo hawezi. Nililia sana aisee.

Kwa hiyo usiseme siku ya kwanza, mtu hajajua hata kwenu ni wapi unamfunulia tumbo la nini, ila usingoje mpaka barua ya posa iko mikononi mwa wazee. Sema pale mnapoanza kuulizana habari za mbele. Iwe mchana, mmekaa zenu kwenye viti, maneno machache. Mwanaume wa pili, mgane mstaafu wa bandari, nilimwambia hivi: "Niliugua kansa wakanipasua, choo kinatoka hapa kwenye mfuko, nauhudumia mwenyewe na hauambukizi." Halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndo kazi jamani, maana ulimi unataka kuomba radhi, na usiombe, hujamkosea mtu.

Akauliza, "Inakuuma?" Nikamwambia hapana, ile nyama nyekundu ya utumbo inayotokeza tumboni yenyewe haina maumivu, inayouma ni ngozi ya pembeni kama tundu la kibandiko cha gundi kinachoshika mfuko umelikata kubwa choo kikapenya. Akauliza tena huwa nalala upande gani. Nikajua huyu anauliza kwa nia ya kukaa.

Mambo ya chumbani nayo tuyaseme, sisi ni watu wazima. Mi namwaga mfuko kabla, halafu najifunga kipande cha kanga kiunoni, unatulia na wala hauonekani. Kama kuna mtoko maharage, kabichi na soda naziacha tangu jana yake, gesi inapungua. Na nyie akina baba, ukipasuliwa kule chini kabisa karibu na njia ya haja kubwa mishipa ya fahamu inaweza kuguswa nguvu zikapungua, na sisi wanawake wengine tunapata ukavu na maumivu, basi muulizeni daktari waziwazi, kuna dawa na kuna njia, msikae mkaona ndo mwisho.

Sala pia ilinisumbua, nikajiona sina twahara. Sheikh wetu akanielewesha huo ni udhuru, natawadha kila wakati wa sala ukiingia, nasali kama kawaida.

Binti yangu ndo alikuwa mgumu, "Mama, utaaibika uzeeni." Sikubishana naye, nilimwita huyo mstaafu wangu akaja kula chakula cha mchana, wakaongea wenyewe mpaka alasiri.

Tumeoana mwaka wa tatu sasa. Tukienda harusini mfuko wangu wa choo wa akiba anaubeba yeye, kwenye mfuko wa kanzu, maana pochi yangu ndogo.