Mbona aliyemfunga mwenzake amepangwa chini yake? Hesabu za timu zinapolingana kwenye kikapu cha vyuo Marekani

Mdau aliyefungua uzi anashangaa kuona timu mbili zimemaliza msimu na rekodi moja, ya kwanza ilimfunga ya pili walipokutana, halafu ratiba ya mashindano ya konferensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, na mwisho wa msimu vinashindania kombe lao) inatoka na aliyefungwa ndiye namba 1, yaani amepangwa nafasi ya juu kabisa. Ratiba haijakosewa. Mara nyingi jibu ni kwamba waliolingana hawakuwa wawili. Kulikuwa na wa tatu, na wakishakuwa watatu hesabu inafanywa kwa njia nyingine kabisa.

Wakiwa wawili tu, kazi ni nyepesi: anaangaliwa nani alimfunga nani. Mfano ulio karibu na sisi ni msimu wa mwisho wa Mtanzania Hasheem Thabeet pale UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), 2008-09. Kwenye konferensi yao ya Big East, Louisville walimaliza 16-2, yaani kushinda 16 na kupoteza 2. Pittsburgh na UConn wote walikuwa 15-3. Pittsburgh walikuwa wamewafunga UConn mara mbili, 76-68 Februari na 70-60 Machi, basi wakapewa namba 2 na UConn wakashuka namba 3. Hiyo namba 3 ndiyo iliyowakutanisha na Syracuse, waliokuwa namba 6, kwenye robo fainali pale Madison Square Garden, mchezo ule wa vipindi sita vya nyongeza ulioisha 127-117 UConn wakiwa nje.

Angalia kwamba hakuna aliyegusa tofauti ya pointi. Sisi tumezoea tofauti ya magoli kwenye soka, na hata kikapu cha FIBA, shirikisho la dunia, hutumia tofauti ya pointi kati ya waliolingana. Konferensi kubwa za vyuo Marekani hazifanyi hivyo. Ushinde kwa 1 au kwa 40, umeandikiwa ushindi mmoja. Mechi za nje ya konferensi nazo hazimo kwenye hesabu hii, hata kama ulimfunga bingwa wa nchi nzima mwezi Desemba.

Sasa tuje kwa watatu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kosa la kawaida ni kuwalinganisha wawili wawili. Usifanye hivyo. Chukua timu zote zilizolingana, ziweke kwenye kaligi kadogo ka peke yao, kisha hesabu mechi walizocheza wao kwa wao tu.

Tuseme A, B na C wote wamemaliza 14-4. A alimfunga C, mechi moja. B alimfunga A, mechi moja. C na B walipangiwa mechi mbili, C akashinda zote. Kaligi kadogo kanatoka hivi: C 2-1, sawa na asilimia 66.7, A 1-1, asilimia 50, B 1-2, asilimia 33.3. C ndiye namba 1, ingawa A alimfunga. Matokeo ya A na C hayakufutwa, yamo ndani ya hesabu, ila yamemezwa na mechi za B. Na ukitazama vizuri utaona C amebebwa na ratiba: B ndiye aliyepangiwa kucheza naye mara mbili. Hilo haliepukiki siku hizi. SEC, moja ya konferensi kubwa, ina timu 16 na kwa wanaume kila timu hucheza mechi 18 za konferensi, kwa hiyo wapinzani 12 unakutana nao mara moja na watatu mara mbili. Ndiyo maana kinachotumika ni asilimia, si idadi ya ushindi. Kwa asilimia, 2-0 na 1-0 ni kitu kimoja, lakini 1-1 iko chini ya zote mbili.

C ameshachukua nafasi yake. Nani wa pili? Hapa soma kanuni ya konferensi yako neno kwa neno, kwa sababu kuna njia mbili na majibu yake hayafanani. Njia ya kwanza ni kuendelea na msimamo uleule wa kaligi kadogo: A ana 50, B ana 33.3, basi A wa pili. Njia ya pili ni kuanza upya na waliobaki: wamebaki A na B, wawili tu, na B alimfunga A, basi B wa pili. Tafuta sentensi inayosema waliobaki wanarudi mwanzo wa utaratibu. Kama ipo, A aliyemfunga namba 1 anajikuta wa tatu. Ninaamini nusu ya ubishi wa kila Machi unatokana na mtu mmoja kutumia njia ya kwanza na mwenzake ya pili.

Ikitokea wao kwa wao hawatengani, mfano wawili waliogawana mechi 1-1, kinafuata kigezo cha pili: rekodi ya kila mmoja dhidi ya timu iliyo juu kabisa kwenye msimamo, kisha inayofuata, kushuka chini mpaka tofauti ionekane. Kama wanaogombania ndio walio kileleni, wanaanza na timu iliyo chini yao. Tofauti ya kwanza ikionekana, kazi imeisha. Usiendelee kushuka ukitafuta kitakachoifaa timu yako. Mtego mwingine ni pale timu mnayotaka kuitumia kama kipimo nayo imelingana na nyingine. Konferensi nyingi huchukua hizo zilizolingana kama kundi moja, bila kwanza kuzitenganisha. Ukizipanga wewe mwenyewe kabla ya wakati, utapata jibu tofauti na la ofisi ya konferensi.

Vigezo hivyo vikiisha, kila konferensi ina lake. Wengine wanakwenda kwenye NET, ile orodha ya viwango ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) iliyochukua nafasi ya orodha ya zamani, RPI, mwaka 2018. SEC wanarusha sarafu, na haya si maneno ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2025, kwa wanawake, South Carolina na Texas walimaliza 15-1 kila mmoja. Walikuwa wamekutana mara mbili: South Carolina alishinda kwake 67-50, Texas akalipiza kwake 66-62. Hapo wao kwa wao ni 1-1. Ukishuka chini, kila mmoja alikuwa amewafunga wapinzani wengine wote 14, kwa hiyo hakuna timu hata moja ambayo ingewatenganisha. Machi 2, kamishna wa SEC, Greg Sankey, akarusha sarafu ikiangaliwa kwenye televisheni, South Carolina wakapata namba 1. Ubingwa wa msimu wa kawaida waligawana wote wawili. Sarafu iliamua nafasi kwenye ratiba tu. Hili wengi huchanganya: vigezo hivi havimvui mtu ubingwa wa msimu pale konferensi inaporuhusu ubingwa wa pamoja. Wiki moja baadaye walikutana fainali ya mashindano ya SEC, South Carolina wakashinda 64-45.

Kabla hujafungua vigezo vyovyote, hakikisha timu zimelingana kweli. Msimu wa 2020-21 korona ilifuta mechi nyingi, na konferensi ya Big Ten wakapanga msimamo kwa asilimia. Illinois walikuwa 16-4, Michigan 14-3. Illinois walikuwa na ushindi mwingi zaidi, tena waliwafunga Michigan 76-53 ugenini. Lakini 14 kwa 17 ni asilimia 82.4, na 16 kwa 20 ni 80. Hawakulingana, kwa hiyo matokeo ya wao kwa wao hayakufunguliwa hata kidogo. Michigan namba 1, Illinois namba 2. Kwa kweli Illinois walikuwa na haki ya kuumia, ingawa kanuni ilifuatwa.

Kuhusu thamani ya nafasi hizi, tazama idadi ya mechi. Kwenye mashindano ya SEC, namba 1 hadi 4 wanaingia robo fainali moja kwa moja na wanahitaji kushinda mechi tatu kuwa mabingwa. Namba 5 hadi 8 wanahitaji nne, na 9 hadi 16 wanahitaji tano ndani ya siku tano. Kwa mtazamo wangu, kulingana kunakouma zaidi ni kule kwa nafasi ya 4 na 5, kuliko ya 1 na 2. Konferensi ya Ivy League nayo ni kali: timu nane, wanaokwenda kwenye mashindano ni wanne tu, wa tano anabaki nje.

Siku ya mwisho ya msimu, usiishie kuombea timu yako ishinde. Rudi kwa A, B na C. A na C wakilingana wawili peke yao, A yuko juu kwa sababu alimfunga C. B akishinda mechi yake ya mwisho na kuingia nao kwenye 14-4, C anapanda juu, na konferensi ikiwa inaanza upya na waliobaki, A anaangukia wa tatu. Kwa hiyo shabiki wa A, baada ya timu yake kumaliza, anapaswa kukaa mbele ya mechi ya B na kumwombea mpinzani wa B, hata kama mpinzani huyo ni mahasimu wao wa miaka yote.